Kabati lililokwama chini ya dari: Namna ya kutatua milinganyo ya saini na kosaini

MSAFIRI anayetoka Mafinga kwenda Makambako kwa barabara kuu iendayo Zambia hupita Nyololo, wilayani Mufindi mkoani Iringa, mahali inapochepuka barabara ya kuelekea Igowole na Kibao. Hii ni nchi ya mbao. Shamba la miti la Serikali la Sao Hill, ambalo ni kubwa kuliko mashamba yote ya Serikali ya aina hiyo nchini, limo katika wilaya hii, na si ajabu kukutana barabarani na malori yaliyosheheni magogo ya misindano na mikaratusi, au mbao zilizokwisha kupasuliwa zikisubiri safari ya mjini.

Mbao hizo ndizo zinazokuwa mapaa, vitanda na makabati katika nyumba zetu. Na ndani ya kabati la kawaida kabisa limejificha swali la hisabati ambalo limewatoa jasho wanafunzi wengi wa kidato cha tano na sita, wale wanaosoma Hisabati ya Juu katika michepuo kama PCM na EGM. Makala haya yanaeleza swali hilo, njia tatu za kulitatua, na mitego inayowafanya watu wenye akili timamu wapate jibu lisilo sahihi bila kujua.

Tuchukue mfano. Mwenye nyumba anamwita seremala na kumwonyesha chumba ambacho dari yake iko mita 2.45 kutoka sakafuni. Anataka kabati la nguo refu kadiri iwezekanavyo. Seremala anapima kwa futi kamba, anaacha sentimita tano za usalama, na kutengeneza kabati lenye kimo cha mita 2.40 na kina cha sentimita 70. Kabati linaletwa likiwa limelazwa chali, linaingizwa chumbani, vijana wanne wanaanza kulisimamisha. Kabla halijasimama, kona yake ya juu inagota dari. Linakataa kwenda mbele.

Mwenye nyumba anamlaumu seremala, seremala anailaumu sakafu. Wote wawili wamekosea. Kimo cha kabati ni kifupi kuliko chumba, lakini kabati linapokuwa limeinama huwa refu kuliko linapokuwa limesimama.

Swali lenyewe

Tuseme kabati limeinama kwa pembe x kutoka kwenye wima. Likiwa chali sakafuni, x ni nyuzi 90. Likisimama sawasawa, x ni sifuri. Katikati ya hali hizo mbili, kona ya mbele ya juu ndiyo iliyo juu kuliko sehemu nyingine zote, na urefu wake kutoka sakafuni unatokana na michango miwili. Upande mrefu wa kabati unachangia 2.4 cos x, na kina chake kinachangia 0.7 sin x. Kona itagusa dari pale ambapo:

0.7 sin x + 2.4 cos x = 2.45

Huu ndio mlinganyo unaochanganya saini na kosaini. Kama ungekuwa na saini peke yake, au kosaini peke yake, kikokotoo kingetoa jibu mara moja. Ugumu unakuja kwa sababu zipo zote mbili, na kila pembe inapobadilika zote mbili zinabadilika kwa pamoja, moja ikipanda wakati nyingine inashuka.

Kabla ya kuendelea, ni vyema kuondoa utata wa jina. Saini ya hisabati haina undugu na saini tunayoitia kwenye hundi. Mwanahisabati wa Kihindi Aryabhata, katika kitabu chake cha mwaka 499, alitumia nusu ya uzi unaokata duara, akaifananisha na uzi wa upinde. Neno lake la Kisanskriti, jya, liliingia katika Kiarabu likawa jiba. Kwa kuwa Waarabu huandika bila irabu fupi, watafsiri wa Ulaya wa karne ya 12 walilisoma kuwa jayb, yaani mkunjo wa nguo kifuani, wakalitafsiri kwa Kilatini kuwa sinus. Kosaini ni saini ya pembe inayobaki ili kutimiza nyuzi 90.

Njia ya kwanza: Kuunganisha mawili kuwa moja

Njia hii ndiyo inayofaa kupewa nafasi ya kwanza, kwa kuwa inaeleza kinachotokea badala ya kutoa namba tu. Mafundi wanaijua nusu yake tayari. Fundi anapotaka kuhakikisha kwamba kona ya msingi ni mraba, hupima 3 upande huu, 4 upande ule, kisha hutazama kama ulalo ni 5. Kanuni ni ileile ya Pithagorasi.

Tuipime ulalo wa kabati letu kwa kanuni hiyo. Kimo 2.4 kwa kipeo cha pili ni 5.76. Kina 0.7 kwa kipeo cha pili ni 0.49. Jumla ni 6.25, na kipeuo chake cha pili ni 2.5. Kwa hiyo ulalo wa kabati, kutoka kona ya chini ya nyuma hadi kona ya juu ya mbele, ni mita 2.50. Hapo tayari tunaona chanzo cha ugomvi, kwani ulalo umeizidi dari kwa sentimita tano.

Ulalo huo unafanya pembe na upande mrefu wa kabati. Tanjenti ya pembe hiyo ni 0.7 gawanya kwa 2.4, na pembe yenyewe ni nyuzi 16.26. Sasa badala ya kufuatilia pande mbili zinazoinama, tunafuatilia mstari mmoja tu, yaani ulalo. Mlinganyo wote unakuwa:

2.5 cos (x − 16.26) = 2.45

Tukigawa kwa 2.5 tunapata cos (x − 16.26) = 0.98. Kikokotoo kinasema pembe yenye kosaini ya 0.98 ni nyuzi 11.48. Lakini hapa ndipo mwanafunzi mwenye haraka hupoteza alama, kwa sababu kosaini ya nyuzi 11.48 na ile ya hasi 11.48 ni sawa. Majibu ni mawili:

x = 16.26 + 11.48 = nyuzi 27.74
x = 16.26 − 11.48 = nyuzi 4.78

Yote mawili ni ya kweli na yote yana maana chumbani. Vijana wanapoinua kabati kutoka nyuzi 90, linakwenda vizuri hadi nyuzi 27.74, kisha linagota. Kama dari ingekuwa ya karatasi, kona ingeitoboa na kuja kuchomoka chini yake kwenye nyuzi 4.78, na baada ya hapo kabati lingesimama bila tatizo. Kati ya pembe hizo mbili halina nafasi. Anayeandika jibu moja tu anajua mahali kabati linapokwama, lakini hajui ni umbali gani umebaki.

Njia hii ina faida nyingine kubwa. Inatuambia mapema kama jibu lipo au halipo. Kosaini ya pembe yoyote haizidi 1, kwa hiyo upande wa kushoto hauwezi kuzidi 2.5 hata tufanyeje. Dari ikiwa mita 2.60, mlinganyo hauna jibu. Mwanafunzi akiona hivyo huingiwa na hofu, akadhani amekosea hesabu. Kwa seremala, kukosekana kwa jibu ni habari njema, kwa kuwa maana yake ni kwamba kabati litasimama bila kugusa dari hata mara moja. Dari ikiwa mita 2.50 kamili, jibu ni moja tu, yaani kona itaigusa dari kwenye nyuzi 16.26 na kuiacha papo hapo.

Njia ya pili: Nusu ya pembe

Njia hii hupendwa na wanaopenda aljebra. Tunaweka herufi t iwakilishe tanjenti ya nusu ya pembe x. Kisha tunatumia kanuni mbili ambazo kila mwanafunzi wa kidato cha tano anapaswa kuzijua:

sin x = 2t ÷ (1 + t²)
cos x = (1 − t²) ÷ (1 + t²)

Tukiziweka katika mlinganyo wa kabati na kuzidisha kila upande kwa (1 + t²), saini na kosaini zinatoweka kabisa. Kinachobaki ni mlinganyo wa kipeo cha pili wa kawaida:

4.85t² − 1.4t + 0.05 = 0

Majibu yake ni t = 0.2469 na t = 0.0418. Tukitafuta pembe zenye tanjenti hizo na kuzizidisha kwa mbili, tunarudi kwenye nyuzi 27.74 na nyuzi 4.78. Njia tofauti, majibu yaleyale.

Hata hivyo, njia hii ina mtego mmoja. Tanjenti ya nyuzi 90 haipo, kwa hiyo t haiwezi kuwakilisha pembe ya nyuzi 180. Kama nyuzi 180 ni mojawapo ya majibu, njia hii italimeza kimya kimya. Tazama mfano huu mfupi:

sin x − cos x = 1

Ukitumia t, vipeo vya pili vinafutana na kubaki 2t = 2, yaani t = 1, na x = nyuzi 90. Mwanafunzi anapigia mstari jibu lake na kuendelea na swali linalofuata. Lakini jaribu nyuzi 180. Saini yake ni sifuri, kosaini yake ni hasi 1, na sifuri ukitoa hasi 1 unapata 1. Nyuzi 180 ni jibu halali, na limepotea. Dalili ya kuangalia ni hiyo ya t² kufutika. Ukiona mlinganyo uliotarajia uwe wa kipeo cha pili umebaki wa kawaida, jua kwamba nyuzi 180 inadai haki yake.

Njia ya tatu: Kupandisha kipeo cha pili

Hii ndiyo njia inayomjia mtu wa kwanza kichwani, na ndiyo yenye hatari zaidi. Tunahamisha kosaini upande wa pili, tunapandisha pande zote kwa kipeo cha pili, kisha tunatumia ukweli kwamba sin²x + cos²x = 1 ili kubaki na kosaini peke yake. Kwa kabati letu, kazi inaishia hapa:

6.25 cos²x − 11.76 cos x + 5.5125 = 0

Kosaini inakuwa 0.8851 au 0.9965, na tunapata tena nyuzi 27.74 na 4.78. Mpaka hapo mambo ni mazuri. Tatizo ni kwamba katika duara zima la nyuzi 360, kosaini ya 0.8851 inapatikana pia kwenye nyuzi 332.26, na ile ya 0.9965 inapatikana pia kwenye nyuzi 355.22. Je, hizo nazo ni majibu?

Rudisha nyuzi 332.26 kwenye mlinganyo wa awali. Saini yake ni hasi, kwa hiyo kina cha kabati kinapunguza badala ya kuongeza, na jumla ni mita 1.80 badala ya 2.45. Ni jibu la uongo, na nyuzi 355.22 nayo ni hivyo hivyo. Yamezaliwa na kipeo cha pili, kwa sababu kipeo cha pili hufuta alama ya hasi. Namba 3 na hasi 3 ni tofauti, lakini vipeo vyake vya pili vyote ni 9. Tukishapandisha, hatuwezi tena kujua tulitoka upande gani.

Mfano unaotumika sana darasani ni sin x + cos x = 1. Ukipandisha kipeo cha pili unapata 2 sin x cos x = 0, na majibu manne: sifuri, 90, 180 na 270. Mawili ya kwanza ni ya kweli. Mawili ya mwisho, ukiyarudisha, yanatoa hasi 1. Anayeandika yote manne anakuwa ameongeza uongo juu ya ukweli, na msahihishaji hana budi kumkata alama.

Wakati saini na kosaini zimezidishwa

Si kila mlinganyo una sura ya kabati. Upo unaokuwa na kipeo cha pili tangu mwanzo, kwa mfano 2 sin²x + cos x = 1. Hapa hakuna haja ya ulalo wala ya nusu pembe. Badilisha sin²x iwe 1 − cos²x, na utabaki na 2 cos²x − cos x − 1 = 0. Kosaini ni 1 au hasi 0.5, na pembe ni sifuri, 120 na 240. Kwa kuwa hatukupandisha kitu, hakuna jibu la uongo lililoingia.

Upo pia unaozidisha, kama 2 sin x cos x = cos x. Kishawishi kikubwa hapa ni kugawa pande zote kwa cos x na kubaki na sin x = 0.5, yaani nyuzi 30 na 150. Anayefanya hivyo ametupa nusu ya mali yake. Hairuhusiwi kugawa kwa kitu kinachoweza kuwa sifuri. Njia sahihi ni kuleta vyote upande mmoja na kutoa cos x nje ya mabano. Hapo inaonekana kwamba cos x yenyewe inaweza kuwa sifuri, na nyuzi 90 na 270 zinaingia kwenye orodha.

Kutoka kabatini hadi msituni

Wapo wanaodhani kuwa hesabu hizi huishia kwenye chumba cha mtihani. Turudi msituni. Gogo la kilo 400 linaburutwa ardhini kwa kamba. Tuseme msuguano wa ardhi ni nusu ya uzito unaoilalia. Ukivuta kamba sambamba na ardhi, unahitaji nguvu inayolingana na kilo 200. Ukiinua kamba kidogo, sehemu ya nguvu yako inalipunguzia gogo uzito, na msuguano unashuka. Ukiiinua mno, unakuwa unanyanyua badala ya kuvuta.

Kama kamba iliyopo inastahimili kilo 190 tu, ni pembe zipi zinafaa? Mlinganyo ni cos x + 0.5 sin x = 200 ÷ 190. Ulalo wake ni 1.118 na pembe yake ni nyuzi 26.57. Majibu, kwa njia ya kwanza, ni takriban nyuzi 7 na nyuzi 46. Ndani ya mipaka hiyo kamba itahimili, nje yake itakatika. Pembe iliyo bora kuliko zote ni ile ya katikati, yaani nyuzi 26.57, ambapo nguvu inayohitajika ni takriban kilo 179. Ni mlinganyo uleule wa kabati, isipokuwa majina yamebadilika. Hata wahandisi wa umeme hufanya kazi hiyohiyo wanapojumlisha mawimbi mawili yenye kasi moja ya mtetemo kuwa wimbi moja.

Funzo kwa mwanafunzi na kwa mwenye nyumba

Kwa miaka mingi Hisabati imekuwa miongoni mwa masomo yanayowaangusha wanafunzi wengi zaidi katika mtihani wa kidato cha nne, na wanaobahatika kuendelea nayo hukuta mada kama hii ikifundishwa kwa Kiingereza na kwa kasi. Wengi hukariri njia moja na kuitumia kila mahali. Ni dhahiri kutokana na mifano hii kwamba njia huchaguliwa kwa kulitazama swali. Njia ya ulalo haipotezi jibu wala haizui la uongo, mradi ukumbuke alama zote mbili za kosaini. Njia ya nusu pembe inaweza kupoteza nyuzi 180. Njia ya kipeo cha pili inaweza kuleta wageni wasioalikwa. Kugawa kiholela kunaweza kufukuza wenyeji.

Dawa ya mitego yote hii haina gharama. Jaribu nyuzi 180 pale t² inapofutika, usigawe kwa kinachoweza kuwa sifuri, kisha rudisha kila jibu kwenye mlinganyo wa mwanzo, kabla haujaupandisha wala kuugawa, uone kama linakubali. Kazi hiyo huchukua dakika moja kwa swali.

Na kabati letu je? Ulalo unatoa jibu pia. Kwa dari ya mita 2.45 na kina cha sentimita 70, kimo kisizidi mita 2.34. Kama mwenye nyumba anang'ang'ania mita 2.40, seremala atengeneze kitako cha sentimita 10 peke yake. Mwili wa kabati utakuwa na kimo cha mita 2.30, ulalo wake utakuwa mita 2.40 na kidogo, nao utapita chini ya dari. Likishasimama, wanne hao walinyanyue wima na kulikalisha juu ya kitako chake.

Kwa hiyo, msomaji, kabla hujatoa malipo ya awali ya kabati, usimuulize fundi kimo chake tu. Muulize na ulalo.